Waliojiandikisha 60, waliobaki 5

Swali limetoka kwa mama mmoja wa kartie Majengo, Goma, anayeangalia vijana wa avenyu yake: «Jambo ndugu. Mwezi wa nane tuliita vijana wajitolee kuzibua mitaro ya maji kila Jumamosi, kabla mvua haijakolea. Walioandikisha majina ni 60. Jumamosi ya kwanza walikuja 41, ya pili 23, ya tatu 9, ya nne 5. Wengine wananiuliza pesa bila haya: "Mama, makuta iko?" Wazee wanasema vijana wa siku hizi ni wavivu, tuwatoze faini. Mimi faini siipendi, lakini njia nyingine siioni. Nifanye nini warudi, na wakirudi wabaki?»

Jambo Mama. Faini usiitoze. Nitafika kwenye sababu, ila kwanza turudi kwenye namba zako, maana zinasema jambo ambalo wazee hawajalisikia. Vijana 41 waliamka Jumamosi asubuhi wakaja matopeni bila kuahidiwa hata franga. Mvivu haji hata mara hiyo moja. Walioacha kurudi walikutana na kitu palepale mtaroni kikawakatisha tamaa, na ndicho cha kutafuta.

Kukisia kwangu ni hivi: watu 41, mabeleshi matano au sita. Wachache walichimba, wengine walisimama pembeni na simu. Anayesimama saa mbili bila kazi huona haya, na aibu hiyo haji kuitafuta tena wiki inayofuata. Aliyechimba naye alirudi nyumbani mikono ina malengelenge, akiwaza wale waliosimama. Halafu matope yaliwekwa ukingoni mwa mtaro, mvua ikanyesha Jumatatu, yakarudi ndani. Kama mambo matatu haya yalitokea kwenu, namba zako hazina fumbo lolote. Kijana anavumilia kazi ngumu. Kazi isiyoonekana kesho yake hakuna anayeivumilia.

Sasa hilo la makuta. Usilichukue kama matusi. Katika mji huu neno «kujitolea» limebeba mizigo miwili ya zamani. Mzigo wa kwanza ni salongo ya enzi za Mobutu: kazi ya Jumamosi ya lazima, asiyefika anatafutwa. Mtu wa miaka 19 hakuiona, lakini baba yake anaikumbuka, na faini ndiyo alama yake kubwa. Ukitoza faini leo, kazi yenu itabadilika jina kesho. Mzigo wa pili ulikuja na mashirika ya misaada, hasa tangu Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda. Tangu hapo Goma imekuwa na watu wanaoitwa wavolontea, wamevaa jile (kizibao cha shirika), wanapiga hesabu za watu kambini au wanatia klorini kwenye bidoni (madumu ya maji) ufukweni, na mwisho wa mwezi wanapata primu, yaani posho. Kwa kijana wa Majengo, mvolontea ni mtu mwenye jile na primu ndogo anayesubiri kazi kubwa. Anapokuuliza kama makuta iko, anauliza tu wewe unasema uvolontea upi. Mjibu siku ya kwanza, kabla hajaandika jina: «Hapana primu. Maji, sabuni na mandazi vipo. Kazi ni Jumamosi sita, saa mbili na nusu kila mara, halafu tunasimama.» Wengine wataondoka hapohapo. Afadhali waondoke siku hiyo kuliko Jumamosi ya tatu, maana anayeondoka katikati huwavuta wenzake.

Jambo la pili la kubadilisha ni jinsi ya kuita. Tangazo kanisani au kwenye kundi la WhatsApp huleta majina mengi na miguu michache. Wale watano waliobaki ndio mtaji wako. Kila mmoja aende nyumbani kwa vijana wawili anaowajua, awaambie kwa mdomo: Jumamosi hii, saa moja asubuhi, wewe utasukuma bruweti, yaani toroli. Mtu aliyetajiwa kazi yake huona kuna nafasi itakayobaki wazi asipokuja. Mkifika 12 hadi 15, simamisha kuandika. Wakija zaidi, waandike kwa zamu ya pili. Usiwaongeze kwenye mtaro uleule.

Kwa nini 12? Tupige hesabu pamoja. Tuseme mnachukua meta 50 za mtaro wenye upana wa sentimeta 40, na matope yamejaa sentimeta 20. Hiyo ni meta za ujazo 4. Bruweti mtu anaweza kuijaza lita 60, lakini matope ya maji ni mazito mno, kwa hiyo hesabu lita 40, yaani karibu kilo 70. Hapo mnahitaji safari 100. Mkiwa na bruweti tatu, kila moja itakwenda mara 33 au 34. Kwa dakika nne kila safari, mnamaliza kwa saa mbili na robo. Watu wanne wawe ndani ya mtaro, wawili kwa jembe na wawili kwa beleshi, watatu kwenye bruweti, watatu wa kubadilishana nao kila dakika 20, mmoja wa kutenga plastiki na chupa kwenye gunia, na mmoja wa kuongoza na kuandika. Jumla 12, na hakuna anayesimama. Mkiwa na bruweti moja tu, msichukue meta 50; chukueni 15 mzimalize. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza kipande kirefu, kukiacha nusu, na kuahidi kukimalizia wiki ijayo. Nusu ya mtaro uliozibuliwa haipitishi maji, na watu wa avenyu hawataona tofauti yoyote. Mwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) akikubali kutoa asubuhi moja, atakupunguzia safari nyingi za bruweti, hasa kama mnapotupa ni mbali. Mpange naye mapema, na kama ndiyo riziki yake, mlipeni. Si haki kumwomba mtu mmoja atoe chombo chake cha kazi huku wengine wanatoa mikono tu.

Swali la kujibu kabla ya beleshi la kwanza ni: matope yanakwenda wapi? Goma ni mji wa mawe ya volkano na udongo unatafutwa. Karibu kila avenyu ina mwenye shimo la lava anayetaka kulijaza. Zungumza naye Alhamisi, si Jumamosi. Mwambie wazi kwamba ni matope ya mtaro, yana maji ya vyoo ndani yake, asiyapandie mboga. Plastiki ziende kwenye gunia peke yake, na mjue mapema nani anachukua gunia hilo. Magunia yakilala kando ya barabara wiki mbili, watoto watayapasua na lawama zitakuwa zenu.

Hapa sasa ndipo kazi nyingi za namna hii hufia, na nakuomba uniwie radhi nikirefusha. Kijana anasafisha mtaro Jumamosi. Jumapili jioni anapita, anamwona mama wa nyumba ya tatu akimwaga taka mlemle. Hakuna mandazi wala fulana itakayomrudisha baada ya hapo. Kwake si kujitolea tena, ni kuwa mtumishi wa jirani asiyejali. Kwa hiyo kabla ya kuita vijana, ita nyumba. Shefu wa avenyu na wewe mpite kwenye nyumba kumi au kumi na mbili zinazopakana na kile kipande cha kwanza, mkubaliane mambo matatu: kila nyumba itoe mtu mmoja siku hiyo, hata kama ni wa nusu saa tu, kila nyumba iwe na gunia lake la taka, na kila nyumba iangalie meta zilizo mbele yake baada ya kazi. Andikeni kwenye kaye (daftari), nyumba kwa nyumba. Nyumba tatu zikikataa, anzeni mahali pengine. Kipande ambacho wenyewe wanakitaka kisafishwe kikipatikana, kianze hicho, hata kama si kichafu kuliko vyote. Wale waliokataa wakiona maji yanapita kwa jirani na kwao yanaingia mlangoni, watakuita.

Kuhusu pesa, kanuni ninayoishikilia ni kwamba anayejitolea halipwi, lakini pia hatumii chake. Kijana asinunue glavu, asilipie uniti za kupigia wenzake simu, asirudi nyumbani na njaa. Kwa watu 12 asubuhi moja unahitaji bidoni moja ya lita 20 ya maji yaliyotibiwa, bidoni nyingine ya kunawia, kipande cha sabuni, mandazi mawili au matatu kwa kila mtu na uji wa moto. Glavu nzito na buti ni za kundi, zinahesabiwa na kuoshwa, zinalala nyumba moja inayojulikana. Asiye na buti haingii mtaroni: kuna vioo, na kuna sindano zilizotupwa. Michango ya avenyu iandikwe kwenye kaye ileile, na isomwe kwa sauti kila Jumamosi, iliyoingia na iliyotoka, kabla ya watu kutawanyika. Dakika tatu zinatosha. Uvumi kwamba mama wa vijana anakula pesa hauhitaji pesa nyingi ili uzaliwe.

Siku moja shirika litapita, lipendezwe, liache fulana 20 wakati nyinyi mko 35, au bahasha kwa ajili ya viongozi. Hapo makundi mengi huvunjika kwa wiki moja. Amueni sasa, mkiwa bado hamna kitu: chochote kitakachotoka nje kinakuwa cha vifaa, au kinagawanywa sawasawa, au hakipokelewi. Na shirika likitaka vijana wako wafanye kazi ya siku tano kwa wiki, kwa saa maalumu, chini ya msimamizi wake, hiyo si kujitolea tena. Hiyo ni kazi, na kazi hulipwa. Mtu mzima anayewaita vijana kwenye kazi ya namna hiyo na kuwaambia watoe bure kwa moyo anawadanganya, hata kama nia yake ni njema.

Mfano mzuri ni klorini ufukweni mwa ziwa. Vijana wanaipenda kwa sababu ina ujuzi ndani yake. Gramu 15 za unga wa klorini uitwao HTH, wa asilimia 70, katika lita moja ya maji hutoa dawa ya asilimia 1. Mililita 4 za dawa hiyo katika bidoni ya lita 20 ni miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Unasubiri dakika 30, kisha unapima kama imebaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Maji yakiwa na tope yanakula klorini nyingi zaidi, ndiyo maana kipimo huanza kwa majaribio na hakikaririwi. Lakini kituo kama hicho hufunguliwa alfajiri kila siku, na hakifunguliwi bila ofisi ya zone de santé (eneo la afya la serikali) na muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Aliye chini ya miaka 18 asishike unga: unaunguza macho na kifua, na unamwagwa ndani ya maji, si maji juu yake. Kijana wako anaweza kutoa zamu moja kwa wiki akisimamiwa. Kituo kizima kukibebesha wanaojitolea kwa miezi ni kukiandalia kifo.

Usisahau pia kwamba si kila kijana ni wa mtaro. Wafinalisti waliomaliza Exetat (mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari) wanakaa nyumbani wakisubiri matokeo, na wengi wao wangekubali kusomesha watoto kuliko kushika beleshi. Kundi la watoto sita hadi wanane wa darasa la tano na la sita, mara mbili kwa wiki, dakika 45, kusoma kwa sauti na hesabu. Pawe mahali pa wazi, kwenye baraza au ukumbi wa kanisa mlango ukiwa wazi, na watu wazima wawili wakionekana. Kijana mmoja asibaki peke yake na mtoto, hata kama ni mwana wa mzee wa kanisa.

Wasichana je? Hukuniambia, lakini naamini kati ya wale watano ni mmoja au hakuna kabisa. Saa moja asubuhi Jumamosi msichana wa Majengo anatafuta maji, anafua na anapika. Ukipanga saa hiyo tu, unawaondoa bila kukusudia. Waulize wao saa gani wanaweza. Mara nyingi utasikia saa nane mchana, na hapo mmalize kabla ya saa kumi na moja, wafike nyumbani kungali na mwanga. Nenda mwenyewe kwa mama zao, kwa sababu ruhusa ya mama ndiyo inayofungua mlango. Na wakija, kazi yao isiwe uji na kuandika majina tu. Bruweti yenye lita 30 msichana anaisukuma vizuri, na kiongozi wa zamu anaweza kuwa yeye.

Karatasi ya kuonyesha ni ya maana kwao kuliko wazee wanavyofikiri. Kijana anayetafuta kazi Goma anaulizwa uzoefu, na hana. Mpe cheti cha huduma baada ya saa 15, yaani Jumamosi zote sita, kikitaja alichofanya kweli: alipanga zamu ya watu 12, alitunza daftari la vifaa, alisomesha watoto wanane. Kisainiwe na shefu wa kartie na wewe. Muhuri mwulize mapema unagharimu nini, usije ukawageuzia vijana malipo hayo. Aliyekuja mara mbili apate cheti cha mara mbili. Ukimwandikia aliyekosekana kwa kuwa ni mtoto wa rafiki, cheti cha wengine wote kinakuwa karatasi ya kufungia karanga.

Upande wa usalama, kundi la vijana wenye majembe linalotembea pamoja linaweza kuogopwa siku hizi. Andika barua fupi kwa shefu wa kartie: tarehe, saa, kipande cha mtaro, idadi ya watu, jina la anayeongoza. Acha nakala moja kwake, rudi na yako imesainiwa kwamba imepokelewa, na siku ya kazi iwe mfukoni mwa kiongozi. Hapana fulana za chama chochote, hapana hotuba za siasa, hapana mkutano wa usiku. Picha za kabla na baada ni nzuri, pigeni mtaro. Nyuso za watu ziingie kwa ruhusa yao.

Na hili waambie kila Jumamosi, hata wakichoka kulisikia. Tangu mapigano ya Januari 2025 mabaki ya silaha yameenea mjini na pembeni yake, na mtaro ni mahali ambapo mtu hutupa kitu asichotaka kukutwa nacho. Yeyote akiona chuma asichokijua, gruneti, kombora au hata risasi, asikiguse, asikipige beleshi, asikirushie jiwe. Anasema «simama» kwa sauti, wote wanarudi nyuma kwa njia waliyojia, mtu mzima mmoja anazuia watoto kwa mbali, mwingine anakwenda kwa shefu. Kazi ya siku hiyo imekwisha.

Baada ya Jumamosi sita, simameni kweli. Wiki tatu za kupumzika, halafu ombeni upya, kila mtu aseme ndiyo au hapana. Wengi wa waliochoka hurudi wakijua kuna mlango wa kutokea. Anayekosekana katikati, mpigie kesho yake, si kumwuliza kwa nini bali kumwuliza kama ni mzima. Mara nyingi kuna mgonjwa nyumbani, au amepata kibarua cha kubeba mizigo Birere, mtaa wa biashara. Kibarua kinatangulia, na wewe ndiwe umwambie hivyo, ili asijifiche.

Jumamosi hii msiite mtu yeyote. Keti na wale watano, wape chai, waulize ni nini kiliwachosha wenzao. Nilichokikisia hapo juu huenda nimekikosea, na wao walikuwepo. Kisha mpite pamoja na kamba ya meta kumi, mpime kina cha matope kwa kijiti mahali patatu, mchague kipande kimoja cha meta 15 au 20 chenye nyumba zilizokubali. Alhamisi mwenye shimo, Ijumaa bruweti za kuazima zikaguliwe matairi. Mvua za hapa huendelea hadi Desemba, kwa hiyo Jumamosi sita bado zipo.